Kaunti ya Buruli: Ardhi Hutazamwa Wakati wa Kiangazi

Kiinua mgongo humfikia mtumishi wa serikali mara moja tu maishani. Askari wa jeshi, polisi au magereza aliyekaa katika nyumba za serikali kwa miaka 20 hufika siku moja akiwa na fedha mkononi, mke na watoto pembeni, na mizigo iliyofungwa kamba, lakini hana paa aliloliezeka mwenyewe. Siku hizo ndizo madalali wa ardhi humjia kwa maneno matamu. Miongoni mwa sehemu zinazotajwa mara nyingi katika maneno hayo ni Buruli, kwa kuwa ardhi yake bado ni pana, iko kando ya barabara kuu iendayo kaskazini, na bei yake ni nafuu kuliko ya mashamba yaliyo karibu na Kampala.

Basi swali la kujiuliza si kama ardhi ya Buruli ni rahisi kununuliwa. Swali ni kama jamaa moja, baba, mama na watoto, yaweza kuishi humo kwa jasho lake, ikala chakula chake na kunywa maji yake, bila kungojea mshahara wa mwisho wa mwezi. Jibu ni kwamba yaweza, lakini kwa masharti. Na masharti hayo hayamwonekei mtu anayekwenda kutazama shamba mwezi wa Mei, wakati kila kichaka ni kibichi na kila bonde lina maji. Buruli haina budi kutazamwa mwezi wa Februari.

NCHI NA WATU WAKE

Buruli ilikuwa kaunti, au saza kama isemwavyo huko, ya wilaya ya Luwero hadi mwaka 1997, ilipofanywa kuwa wilaya ya Nakasongola. Msafiri atokaye Kampala hupita Bombo, Wobulenzi na Luwero, migomba ikimsindikiza huku na huku. Apitapo Kakooge huiona nchi ikibadilika sura. Migomba huadimika, miti ya miiba na nyasi hushika mahali pake, vichuguu virefu kuliko mtu hujitokeza, na ng'ombe wenye pembe ndefu huvuka barabara bila haraka. Mbele zaidi ni Migyera, na baadaye barabara huuvuka mto Kafu. Upande wa kaskazini-mashariki limetanda ziwa Kyoga, lenye maji ya kina kifupi na mafunjo mengi. Kutoka bandari ya Zengebe kivuko huvusha watu na magari hadi Namasale, ng'ambo ya pili.

Wenyeji ni Waruuli, wenye lugha na desturi zao. Pamoja nao wamo Waganda, wafugaji wa Kihima, wavuvi kutoka kila pembe ya ziwa, na wengine wengi waliohamia. Mgeni hashangazwi, lakini pia hapokewi kwa kuangalia cheo chake cha zamani.

Zamani sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa na mbung'o, wadudu wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1960 serikali ilipima ranchi kubwa humo, na kuanzia mwaka 1990 ranchi za serikali nchini zikaanza kugawanywa upya ili wasio na ardhi wapate mahali pa kukaa. Ranchi moja ya nchi hii, Ziwa, imekuwa ikitunza vifaru tangu mwaka 2005, baada ya mnyama huyo kutoweka porini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Historia hii yamfundisha mnunuzi jambo moja: Buruli ni nchi ya malisho. Mtu anayeijia kama shamba la migomba atapambana nayo mpaka fedha zake ziishe.

MAJI NI NENO LA KWANZA

Mvua za Buruli huja kwa misimu miwili. Za kwanza hunyesha kuanzia Machi hadi Mei au Juni. Za pili huanza kati ya Agosti na Septemba na kumalizika Novemba. Kutoka katikati ya Desemba hadi Machi kuingia, mbingu hufunga. Katika miaka mizuri mvua huzunguka karibu milimita 1,000, lakini miaka mibaya si michache, na pengine msimu mmoja hukosekana kabisa.

Hata hivyo, maji ya nyumbani hayana haja ya kuwa tatizo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba ya bati huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 6 ina paa la meta 60 za mraba. Mvua moja tu ya milimita 20 juu ya paa hilo huleta lita 1,200, yaani madumu 60 ya lita 20. Jamaa ya watu 7, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia lita 140, na katika siku 90 za kiangazi itahitaji lita 12,600. Tangi la lita 15,000 lenye mfuniko na mifereji safi lawatosha, wakijizuia na ufujaji. Tangi hilo ni gharama, lakini lilinganishwe na gharama ya mama na binti zake kutembea kila siku na madumu kichwani kwenda kwenye kisima cha bomba kilichoharibika, au kunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe.

Mifugo ni hesabu nyingine. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hunywa kiasi cha lita 30 kwa siku. Ng'ombe 20 kwa siku 90 huhitaji lita 54,000, na paa la nyumba haliwezi mzigo huo. Hapo hutakiwa lambo, na lambo lina kanuni zake. Lichimbwe kwenda chini kuliko kupanuliwa, maana jua la Buruli hunywa maji mengi kuliko ng'ombe. Lizungushiwe ua, na maji yatolewe nje hadi kwenye hodhi, ili wanyama wasiingie na kulijaza tope na mavi. Mnunuzi anayeonyeshwa lambo mwezi wa Mei arudi kuliangalia Februari. Likiwa limekauka na kupasuka nyufa, bei ya shamba nayo haina budi kupungua.

Wengine hudhani dawa ni kununua ukingoni mwa ziwa. Hao wakumbuke kwamba maji ya Kyoga yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na yakapanda tena mwaka 2020 na kuwahamisha watu wa mwambao. Tena kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimetenga ukanda wa meta 200 kandokando ya ziwa hilo kuwa wa hifadhi. Nyumba iliyojengwa ndani ya ukanda huo ina maadui wawili, maji na sheria.

MUHOGO KABLA YA MATOKE

Udongo wa Buruli sehemu nyingi ni wa mchanga, na rutuba yake ni haba. Anayetaka kujilisha humo hana budi kupanda vitu vinavyovumilia. Muhogo ndio ghala la chakula, kwa sababu hukaa ardhini ukimngojea mwenyewe. Lakini mbegu zisiombwe ovyo kwa jirani, maana batobato na michirizi ya kahawia huhamia shambani pamoja na vipande vya mti. Mbegu zilizofanyiwa utafiti kama NASE 14 na NAROCASS 1 huyastahimili maradhi hayo vizuri zaidi, na bwana shamba wa gombolola aweza kueleza zinakopatikana.

Baada ya muhogo ni viazi vitamu, mtama, ulezi, karanga, kunde na mbaazi. Kunde huwapa watoto mboga ya majani kabla ya kuwapa punje, na mbaazi hustahimili ukame. Mahindi yapandwe, lakini yasifanywe tegemeo. Miembe hustawi, na kivuli chake ni neema. Migomba michache yaweza kuishi karibu na jiko na mahali pa kuogea, ikinyweshwa maji yaliyokwisha tumika. Anayetaka matoke kila siku atayanunua, na maisha ya kununua kila siku siyo aliyokusudia kuyafuata huko.

Mama wa nyumba ajue mambo mawili ya ghalani. Muhogo mchungu una sumu, nao hauna budi kumenywa, kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa juani kabisa kabla ya kusagwa. Miaka ya njaa, watu wanapoharakisha, ndiyo miaka ya watu kudhurika. Karanga nazo zisianikwe juu ya udongo mtupu bali juu ya turubai au mkeka, na zisiwekwe ghalani zikiwa na unyevu. Karanga zenye kuvu zina sumu isiyotoka kwa kuchemshwa, na siyo chakula cha mtu wala cha kuku.

MCHWA NA MKAA

Adui mashuhuri wa Buruli hana bunduki. Ni mchwa. Panapolishwa ng'ombe kupita kiasi na miti ikakatwa, mchwa hukosa majani makavu na vijiti vya kula, wakageukia nyasi mbichi, mazao, miche na hata nguzo za nyumba. Ziko sehemu ambazo ardhi imebaki tupu kama kiwanja cha gwaride, na mvua ikinyesha juu yake maji hutiririka bila kuingia chini. Mnunuzi akiona vipara vya namna hiyo asivihesabu kuwa ni malisho.

Lakini mchwa hawashindwi kwa hasira. Watafiti waliofanya kazi Nakasongola walionyesha kwamba ng'ombe wakilazwa usiku juu ya kipara kwa majuma mawili hivi, mavi yao huwavuta mchwa waache nyasi, huurutubisha udongo, na nyasi huota tena mvua ijapo. Boma likihamishwa kidogo kidogo, shamba hupona kidogo kidogo. Kichuguu nacho si hasara tupu. Udongo wake hufaa kwa matofali, na kumbikumbi watokapo ni kitoweo kinachongojewa na watoto kwa shangwe.

Mchwa wana ndugu yao, naye ni mkaa. Buruli imeilisha Kampala mkaa kwa miaka mingi. Mtu mpya, akiona siku za kwanza ni ngumu, huambiwa kwamba miti iliyo shambani mwake ni fedha. Huchoma, huuza, hulipa karo ya muhula mmoja. Baada ya miaka miwili hana miti, hana nyasi, na mchwa ndio wenye shamba. Askari aliyezoea kulinda ghala la silaha aelewe kwamba miti ile ni ghala lake. Apunguze matawi kwa kuni za jikoni, aache mashina yachipue, na apande mengine kabla hajakata lolote.

NANI YUKO JUU YA ARDHI HIYO?

Hapa ndipo viinua mgongo vingi huzama. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buruli ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa mwaka 1900, ambao uliwapa watu wachache umiliki wa ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba. Maili moja ya mraba ni ekari 640. Wenye hati wengi hawakuishi huko, na vizazi vya wakulima na wafugaji vimezaliwa na kuzikwa juu ya ardhi ambayo hati yake imefungwa sandukuni mjini.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 huwalinda watu hao. Aliyekaa juu ya ardhi na kuitumia bila kupingwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya mwaka 1995 anatambuliwa kuwa na haki yake hapo. Mabadiliko ya mwaka 2010 yakaongeza kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, kwa kosa la kutolipa kodi ndogo ya mwaka. Tena kwa Sheria hiyo ya mwaka 1998, mwenye hati akitaka kuuza lazima ampe yeye nafasi ya kwanza ya kununua. Anayenunua hati hununua pamoja na watu waliomo. Dalali hasemi hivyo. Husema tu, "Hao wataondoka."

Kwa hiyo mnunuzi afuate njia ndefu. Kwanza aitafute hati katika ofisi ya ardhi ya serikali, aone jina lililoandikwa, mipaka, na kama kuna deni au zuio juu yake. Pili atembee mpaka wote kwa miguu akiwa na mpimaji aliyesajiliwa, majirani na mwenyekiti wa kijiji. Tatu aulize kama kipande hicho hakimo ndani ya hifadhi ya msitu, maana kaunti hii ina hifadhi nyingi, au ndani ya ardhi ya jeshi. Nne aulize makaburi yako wapi. Penye kaburi pana mwenyewe, hata kama nyumba haipo. Tano ahakikishe kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, kwa kuwa sheria inakataza kuuza ardhi ambayo jamaa inaitegemea bila ridhaa hiyo. Na mnunuzi mwenyewe naye asinunue kwa siri. Shamba ambalo mke wa askari hakuliona kabla ya kulipiwa halikuanza vizuri.

Juu ya yote, mtu aliyevaa sare asitumie sare hiyo kumhamisha mwananchi. Jirani aliyeondolewa kwa hofu hurudi kwa moto wa usiku, kwa kesi ya miaka 10, au kwa ukimya siku mtoto wa mgeni anapougua na hakuna wa kumsaidia kumbeba. Ardhi ya kujitegemea hukaliwa kwa kutegemeana.

AFYA NA MAHITAJI MENGINE

Jina la kaunti hii limo katika vitabu vya madaktari ulimwenguni. Katika miaka ya 1960 waganga waliona humu wagonjwa wengi wa kidonda kikubwa cha ngozi, na tangu hapo kidonda hicho huitwa kidonda cha Buruli. Huletwa na kijidudu kilicho jamaa moja na vile vya kifua kikuu na ukoma, na huonekana zaidi kwa watu wakaao karibu na maji yaliyotuama na vinamasi. Huanza kama uvimbe mdogo usiouma, na kwa kuwa hauumi watu huupuuza mpaka ngozi ichimbike. Ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge vya majuma 8. Mzazi akiona uvimbe wa namna hiyo kwa mtoto asiende kwa mpiga ramli. Aende kituo cha afya. Lakini adui wa kila siku ni malaria, na chandarua kisitumike kuanikia dagaa.

Ng'ombe nao wana maradhi yao. Ndigana kali huletwa na kupe, na kuogesha kwa ratiba ndiyo kinga iliyozoeleka. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, serikali hufunga minada na kuzuia mifugo isihamishwe, na karantini yaweza kudumu miezi. Mwenye kutegemea kuuza ng'ombe ili alipe karo atakwama. Ndiyo sababu jamaa yenye busara huwa na kuku, mizinga ya nyuki na gunia la karanga, vitu vidogo vinavyouzika wakati ng'ombe wamezuiliwa.

HESABU YA EKARI KUMI

Mwenye ekari 10 aweza kuzigawa hivi: ekari 1 kwa nyumba, jiko, choo, kuku, lambo dogo na miti ya matunda, ekari 3 kwa muhogo, viazi, nafaka na jamii ya kunde kwa kubadilishana, ekari 1 kwa miti ya kuni na nguzo, na ekari 5 kwa malisho. Katika nchi ya namna hii ng'ombe mmoja aweza kuhitaji ekari 2 hadi 3, au zaidi palipo na vipara. Ekari hizo 5 basi ni za ng'ombe 2 na mbuzi wachache. Maziwa yatapatikana na samadi itapatikana, lakini utajiri wa ng'ombe 20 haumo. Anayeahidiwa kundi kubwa juu ya ekari 10 anauziwa ndoto, na atakayelipa ndoto hiyo ni jirani ambaye nyasi zake zitaliwa.

Anayetaka kuwa na hakika akodi kwanza. Apange chumba Migyera au Kakooge, alime kipande cha ekari 1 msimu mmoja, aone mvua na kiangazi, ajue bei ya madumu ya maji Februari na tabia ya majirani Desemba. Kodi ya miezi 6 ni fedha ndogo kuliko kesi moja ya mipaka.

Baada ya majaribio hayo, wako watakaosema Buruli haiwafai, nao watakuwa wameokoa mali yao. Na wako watakaobaki. Hao ni wale walioiona nchi ikiwa kavu, nyasi zikiwa za kahawia, lambo likiwa limebakiza maji ya magotini, na bado wakaona mahali pa kusimamisha nyumba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa Buruli mlango ni Mei, na ndani ni Februari.